Kanda Saba za Marehemu Kurbanali

Kiprotich alibonyeza kitufe, sebule ya Mama Gulbanu ikajaa sauti ya kinanda, naye akakunja mikono na kujiegemeza kwenye kochi kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji na habari njema. Alikuwa na haki ya kujivuna kidogo. Miaka kumi na minne yupo Kanada, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumwita fundi. Kule ghalani Brampton, anakoendesha foklifti na kupanga maboksi ya viatu, walimwita Kip. Kanisani alikuwa "yule wa spika". Lakini hapa Malvern, ghorofa ya tisa, mjane wa miaka sabini na tisa alimfungulia mlango akasema, "Karibu fundi, vua viatu," na diploma yake ya ufundi wa sauti ya Nairobi, iliyolala kwenye bahasha tangu alipotua uwanja wa ndege, ikajisikia kama imeamshwa.

Muziki ulikuwa safi. Hakuna mkwaruzo, hakuna mvumo, kinanda peke yake kama kimeoshwa na kuanikwa juani.

"Oh Mungu wangu," alisema Shaila, binti wa marehemu, mkono kifuani. Shaila anasimamia kliniki ya meno kule Richmond Hill na si mtu wa kulia ovyo, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba baba amerudi chumbani. Kisha akamgeukia mama yake. "Mummy, unasikia?"

"Nasikia," alisema Gulbanu. "Safi. Safi sana."

Akainuka, akaenda jikoni, akafungua bomba. Maji yakatiririka muda mrefu kuliko inavyohitajika kuosha vikombe vitatu.

Kiprotich ana macho mepesi. Kazi yake ya zamani ya redio ilimzoesha kutazama sindano ya mashine huku anaongea na mtangazaji. Alikuwa ameona kitu kabla yule mama hajainuka: mikono yake ilikuwa juu ya meza, viganja chini, inakwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, inageuka kidogo, halafu inagonga. Halafu katikati ya wimbo ikasimama, kama mtu aliyenyoosha mguu kutafuta ngazi na kukuta hakuna.

Uzee, alijiambia. Akanywa chai yake, akaaga.

Sasa, huyu Kurbanali alikuwa nani hata kanda zake zitafutiwe fundi? Alizaliwa Mwanza, mtoto wa muuza vitambaa. Jirani yao Mgiriki, mwenye kiwanda cha pamba, alipofunga virago kurudi kwao alimwachia kijana gramafoni na sahani ishirini na tatu za tango. (Ndiyo, ule muziki wa Waajentina. Mke wa Kiprotich aliposikia mara ya kwanza kuwa mumewe anasafisha tango za Mhindi, aliuliza kama ni za kachumbari.) Kurbanali hakujua Kispanyola hata neno moja. Hakuwahi kuona bandoneoni, ile kodiani ndefu ya vifungo inayolia kama mtu aliyeachwa kituoni na basi. Alichokuwa nacho ni kinanda cha upepo cha mama yake, kile cha kukalia chini, mkono mmoja unapepea nyuma na mwingine unatembea kwenye funguo. Kwa hiyo akatunga tango za mkono mmoja. Tango zenye nafasi ndani yake, zinazovuta pumzi, zinazosita, halafu zinaamua.

Mwaka sabini na nne alifika Toronto na sanduku moja na kinanda. Akafungua duka la dobi kwenye safu ya maduka karibu na barabara ya Sheppard, na kwa miaka ishirini na mbili alipiga pasi mashati asubuhi na kutunga jioni. Alizipa tango zake majina ya mambo aliyoyajua: "Shati la Bwana Harusi", "Theluji ya Kwanza", "Lifti Imekwama". Alipiga kwenye harusi chache. Wazee walitabasamu kwa adabu, vijana wakauliza disko linaanza lini. Alipofariki miaka miwili iliyopita, waombolezaji wengi walimkumbuka kwa jinsi alivyojua kutoa doa la biriani kwenye hariri.

Halafu mama mmoja anayefundisha bandoneoni, kiongozi wa kundi la tango la mjini, akaokota kaseti ya harusi kwenye duka la mitumba. Akaisikiliza wiki nzima. Ilimchukua miezi sita kumpata Shaila. Alitaka kutoa sahani ya nyimbo za Kurbanali na kufanya onyesho mwezi wa kumi na moja, kwenye ukumbi wa Richmond Hill ambako kundi lake hucheza. Kulikuwa na kanda asilia? Zilikuwepo: saba, zile kubwa za kuzunguka kwenye magurudumu mawili, zimelala kwenye kabati la shuka.

Kiprotich alifufua mashine ya marehemu, akabadilisha mkanda wake wa mpira, akasafisha kwa spiriti kichwa chake cha kusomea kanda. Aliwaonya mapema. "Hizi kanda zimezeeka, Mama Shaila. Gundi imelainika. Zikipita kwenye kichwa cha mashine zinaacha unga wa kahawia, na huo unga ndio muziki wenyewe. Kila kanda tutaisikia vizuri mara moja tu. Ya pili ni mchanga."

"Basi mara moja hiyo uiangalie vizuri," Gulbanu alimwambia.

Tatu za kwanza zilikuwa zimeshapita. Zilibaki nne.

*

Jumapili alasiri, wametoka kanisani, Kiprotich alishuka kwenye chumba cha chini cha nyumba yao ya kupanga pale Brampton, akaweka kanda ya nne. Juu Jepchirchir, mkewe, alikuwa anapiga pasi sare zake za unesi. Kiprotich alivaa hedifoni, akabonyeza.

Kinanda kikaanza. Na chini ya kinanda, kitu kingine.

Tu-tu-tu, tu-tu-tu, tu-tu. Tu-tu-tu, tu-tu-tu, tu-tu.

Mbao juu ya mbao. Nzito, kavu, na chini yake mkwaruzo mwembamba kama mtu anafagia vumbi. Ilikuwa inabeba wimbo mzima mgongoni. Kinanda kiliegemea juu yake, kikachelewa kwa makusudi, kikaikimbilia, kikapita mbele, kikarudi. Halafu sauti ya mwanamume, mbali kidogo na maikrofoni, inacheka: "Gulu, usikimbie, nakuja."

Kiprotich alizima mashine haraka hadi kidole kikauma.

Alitazama mikisa, ile mashine yake ya kuchanganya sauti. Taa ndogo ya kijani, ambayo siku zote huwaka, ilikuwa imezimika. Akapanda ngazi mbili mbili.

"Chirchir, umechomoa waya wangu?"

"Nilichomoa jana kuchomeka pasi. Nimeurudisha. Kwani amekufa mtu?"

Akashuka tena. Mikisa ikichomolewa hupoteza kumbukumbu, na kilichopotea safari hii ni chujio ambalo Kiprotich mwenyewe alilitengeneza kwa ajili ya ibada na kulipa jina: Jumapili. Alilijivunia sana chujio hilo. Kanisani kwao watoto hukimbia kwenye sakafu ya mbao, kina mama hupiga matari wakati wowote Roho anapowashukia, na kuna mzee mmoja hugonga benchi kwa fimbo kila anapokubaliana na mhubiri, na hukubaliana naye sana. Jumapili lilikula vishindo vyote hivyo, likabakiza sauti ya mchungaji tu. Waumini wa mtandaoni walilisifu. Naye, kwa mazoea ya miaka kumi, alikuwa anawasha Jumapili kabla ya kubonyeza chochote, kama dereva anavyofunga mkanda bila kufikiri.

Na huko chuoni, mwalimu alikuwa amewaambia siku ya kwanza, mwezi wa kwanza: kwanza nakili kama ilivyo, uchafu wake wote, halafu ndipo usafishe nakala. Mtoto wa mwaka wa kwanza anajua. Kiprotich alijua. Miaka kumi na minne ya maboksi ya viatu ilikuwa imekaa juu ya hilo jambo, likasahaulika chini.

Alikumbuka hata kwamba kwenye kanda ya kwanza, mara moja ile aliyochelewa kuwasha chujio, alisikia kishindo sekunde mbili tatu. Alisema moyoni: mtu anapika, wacha nimtoe.

Alisikiliza nakala zote tatu. Safi. Alirudisha kanda ya kwanza kwenye mashine, akaicheza kwa mara ya pili huku anajua. Ilitoka sauti ya mvua juu ya mabati, na kinanda mbali sana kama kiko nyumba ya tatu.

Jepchirchir alimkuta amekaa sakafuni. Alimweleza yote. Akamwekea sekunde kumi za nakala ya ile kanda ya nne. Jepchirchir, mkono kiunoni, alianza kutikisa bega bila kujua.

"Hiyo ni chapati," alisema.

"Nini?"

"Kip, huo ni mti wa kusukumia chapati. Hata ningekuwa nimelala ningeutambua. Anasukuma mara mbili anageuza, mara mbili anageuza, halafu anagonga kibao kutoa unga. Huyo mama ana mkono!" Kisha akaona uso wa mumewe. "Ziko zingine tatu za kuweka, si ndiyo? Weka hizi vizuri, zile zimeenda. Kwani nani atajua?"

"Yeye anajua. Alikuwepo nilipocheza."

"Alisema nini?"

"Alisema safi sana."

Jepchirchir alivuta kiti akakaa. "Mwanamke akisema safi sana halafu asiongeze neno," alisema polepole, "ujue umeharibu vibaya."

*

Jumanne ilikuwa siku yake ya mapumziko. Aliendesha gari kutoka Brampton hadi Malvern, saa nzima kwenye foleni, akipanga maneno, na alipofika ghorofa ya tisa maneno yote yalikuwa yameshuka na lifti.

"Mbona umekuja mikono mitupu?" alisema Gulbanu. "Mashine iko wapi?"

"Mama Shaila, nimekuja kukuomba msamaha. Nimekufuta."

"Umenifuta?"

"Kwenye kanda tatu. Ile sauti ya kibao. Nilidhani ni kelele za jikoni nikaitoa kwa chujio langu la kanisani, liitwalo Jumapili, na sikuweka nakala yenye kelele. Haiwezi kurudi. Ni kosa langu, si la mashine."

Gulbanu alikaa. Alivua miwani, akaifuta kwa upande wa kanga aliyojitanda mabegani.

"Ilikuwa kelele," alisema. "Nilikuwa napika."

"Mama, usinisaidie kudanganya."

Yule mama akamtazama, na kwa mara ya kwanza Kiprotich aliona jinsi uso wake ulivyokuwa umefungwa siku zote zile, kama duka lenye taa ndani na pazia mlangoni.

"Haya," alisema. "Kaa. Wakenya mnaomba msamaha kama mnakuja kukamata mtu. Kaa nikwambie."

Akamwambia. Mwaka sabini na nane jirani wa chini alikuwa Mpolandi mwenye ugonjwa wa kichwa. Walikubaliana naye: kinanda mwisho saa kumi na mbili. Duka wanafunga saa kumi, wanafika nyumbani kumi na moja. Saa moja tu. Na saa hiyohiyo ndiyo ya chapati, kwa sababu Shaila alikuwa anarudi kutoka masomo ya dini kumi na mbili na njaa kama ya askari.

"Nyumba unaiona. Jiko hili, sebule ile, hakuna ukuta. Siku ya kwanza akanifokea: Gulu, nyamazisha huo mti! Nikamwambia, sawa, leo utakula kinanda. Siku ya pili akafoka kidogo. Siku ya tatu akanyamaza. Siku ya nne akaacha kupiga, akaja hapa pembeni yangu, ananitazama mikono. Nikasema, una nini wewe? Akasema, rudia. Nirudie nini? Ulivyosukuma. Nikasukuma. Akahesabu: tatu, tatu, mbili. Akasema, Gulu, miaka kumi natafuta ngoma ya tango zangu, kumbe iko kwenye unga."

Alicheka, halafu akaacha.

"Tangu siku hiyo, kila Jumatano tunarekodi. Maikrofoni moja, nusu kwake, nusu kwangu. Tukikosea, tunaanza upya. Siku zingine nilisukuma chapati arobaini kwa watu watatu! Majirani wote wa ghorofa hii walinenepa."

"Na kwenye harusi? Ile kaseti ina ngoma ya kawaida."

Gulbanu alitazama dirishani, kwenye maegesho ya magari.

"Harusi ya Naushad, mtoto wa dada yake. Mara yake ya kwanza kupiga mbele ya watu mia tatu. Nikamuuliza, nije na kibao? Nilikuwa nimeshashona nguo. Akacheka. Hakucheka vibaya, alikuwa mtu mwema, mwulize yeyote. Akasema, Gulu, watu watasema dobi kaleta jiko jukwaani. Akamkodi kijana wa Trinidadi, mpiga ngoma hodari. Na Kurbanali alirudi nyumbani amenuna. Siku tatu. Mkono wake ulikuwa unasubiri mahali ambapo yule kijana hakuwepo." Alivaa miwani. "Hakuniomba, na mimi sikuuliza tena. Nikajiambia, jukwaani simo, kwenye kanda nimo. Ikanitosha, fundi. Kweli ilinitosha. Sikumwambia mtu, hata mtoto wangu. Nilijua zipo pale kabatini, chini ya shuka."

Kiprotich alitazama mikono ya yule mama, vifundo vimevimba, vidole viwili vimeanza kupinda.

Mlango ukafunguliwa. Shaila, na mfuko wa dawa za mama yake. Alitazama nyuso mbili. "Nini?"

Kiprotich alimweleza mwenyewe, kwa Kiswahili, halafu akarudia kwa Kiingereza ili kusiwe na pa kujificha. Shaila alisikiliza hadi mwisho. Kisha Kiingereza chake kikashika kasi ambayo Kiprotich aliifuata kwa mbali tu. Zilikuwepo studio tatu mjini zenye mashine za kisasa. Zote zilikuwa tayari. Alimchagua yeye kwa sababu moja tu, Mummy alitaka fundi wa kuongea naye Kiswahili! Na sasa robo tatu ya... hapana, karibu nusu ya kazi ya baba yake... Alichukua simu. Kanda nne zilizobaki zinakwenda studio leo hii.

"Weka simu," alisema Gulbanu.

"Mummy, amefuta—"

"Amenifuta mimi. Hakukufuta wewe. Wewe ulisikia zile nyimbo tatu ukalia, ukasema baba amerudi. Ulinikosa mimi mle ndani?"

Macho ya Shaila yalikwenda kwenye jiko, kwenye sebule, yakarudi kwenye jiko, yakipima ule umbali mfupi ambao amekua ndani yake.

"Sikujua," alisema, kwa Kiswahili. "Mimi nilikuwa nakuta chapati tu."

"Najua. Na sikukwambia, kwa hiyo tugawane. Lakini hao wa mjini watanijuaje? Watasikia kishindo, na kila mmoja ana chujio lake. Huyu ameshakosea, sasa anajua cha kutafuta." Alimgeukia Kiprotich. "Jumamosi. Utaleta mashine hapa. Utacheza mbele yangu. Na ile Jumapili yako uiache kanisani."

*

Jumamosi saa nne asubuhi mashine ilikuwa juu ya meza ya jikoni. Kiprotich alikagua nyaya mara tatu. Gulbanu alikuwa amevaa sari ya bluu yenye ukingo wa fedha, na Shaila, aliyekuja na uso wa hakimu, alipomwona mama yake hivyo alilegea kidogo.

"Unakwenda wapi, Mummy?"

"Popote. Nimekaa tu."

Kanda ya nne, kuanzia pale alipoisimamisha, kisha ya tano. Tu-tu-tu, tu-tu-tu, tu-tu ikajaza jiko ilimotoka, na unga wa kahawia ukadondoka taratibu kwenye kitambaa alichotandika Kiprotich chini ya mashine. Kila wimbo uliopita ulikuwa unaondoka kwa kweli, sekunde kwa sekunde, na upande wa pili unaingia kwenye kompyuta na uchafu wake wote: mti, kibao, king'ora cha gari la zimamoto, Shaila wa miaka tisa anafungua mlango na kuuliza chakula kiko wapi. Shaila wa leo akaficha uso kwenye kiwiko.

Ya sita ilikuwa "Lifti Imekwama". Wimbo huu ndio uliomfanya yule mwalimu wa bandoneoni asilale. Katikati yake tango inasimama, ghafla, pale ambapo hakuna mtu mwenye akili angeisimamisha, inakaa kimya kwa muda wa kutisha, halafu inaanza upya upande mwingine wa hesabu. Alikuwa amemwandikia Shaila kurasa mbili juu ya kimya hicho. Alikiita ujasiri. Alisema tango za wakati ule hazikuwa na kitu kama kile.

Kimya kikafika. Ndani ya kimya kile, kwa mbali, ikasikika sauti ya kitu kinabanduliwa, na mwanamke ananong'ona kwa Kigujarati neno ambalo Shaila alilitambua akashtuka, maana yeye aliwahi kuchapwa kwa kulisema.

Kinanda kikarudi. Mti ukarudi.

"Iliganda," alisema Gulbanu.

"Nini iliganda, Mama Shaila?"

"Chapati. Unga ulikuwa laini, ikaganda kwenye kibao nikashindwa kugeuza. Nikasimama. Naye akasimama, akanisubiri. Nilivyoibandua nikaanza popote, sikujua nimeanzia wapi. Nikadhani atasema turudie. Akasema, Gulu, usiguse. Hiyo hiyo. Kila nilipopiga wimbo huo tena ilinibidi nijifanye imeganda."

Shaila alikuwa anacheka na kulia pamoja, mambo mawili yasiyomo kwenye ratiba ya kliniki ya meno.

Kanda ya saba ilipoisha, mkia wake ukapiga piga hewani hadi Kiprotich alipousimamisha kwa kidole. Nne zilikuwa salama. Akavua hedifoni, na hapo akasema jambo ambalo alikuwa amelibeba wiki nzima kama zawadi.

"Zile tatu za kwanza. Kinanda ninacho, kisafi. Mama Shaila anaweza kukaa hapa hapa, kibao kilekile, asikilize na asukume juu yake. Nitaunganisha. Nakuhakikishia, hakuna sikio Kanada nzima litakalojua."

Shaila aliinua kichwa. "Mummy! Hiyo inawezekana?"

Gulbanu alifikiri. Alinyoosha vidole, akavikunja, vile viwili havikukunjika.

"Hapana."

"Lakini utakuwemo," alisema Kiprotich. "Zote saba."

"Atakuwemo bibi wa miaka sabini na tisa anamfuata kijana wa miaka arobaini. Yeye hanisikii. Pale alikuwa ananisikia, ndiyo maana anachelewa, ndiyo maana anacheka. Nikisukuma leo, nitakuwa namfuata tu kama kivuli. Hizo tatu ziache hivyo. Waandikie ukweli: mpiga kibao alifutwa kwa bahati mbaya na fundi."

"Waandike jina langu?" alisema Kiprotich.

"Waandike la kwangu. La kwako tutaliona kama utamaliza chapati."

Chapati zenyewe zilitoka kwenye friji, za paketi, na Kiprotich alizila nne kama adhabu.

Walikuwa bado mezani Shaila alipompigia yule mwalimu. Aliweka simu kwenye spika, akamweleza kwa ufupi, akamchezea dakika mbili za kanda ya nne. Kisha mwalimu akaomba asikie tena. Halafu tena. Akauliza maswali mengi, na Shaila akawa anayatafsiri ingawa mama yake anayaelewa yote: mti wa aina gani, kibao unene gani, na kama yule mama yuko hai.

"Mwambie nipo, nakula."

Sauti ya simu ikacheka, ikatulia, ikasema kitu kwa uangalifu. Shaila alimtazama mama yake.

"Anasema wao wana bandoneoni, wana fidla, wana piano. Anasema wakipiga nyimbo hizi wenyewe na ngoma ya kawaida itakuwa kama ile harusi. Anauliza, mwezi wa kumi na moja, jukwaani..." Shaila alisogeza simu karibu na mama yake. "Anauliza kama utasukuma na wao. Anasema wao watakusikia. Si lazima mikono iwe kama zamani. Watakufuata ulivyo."

Kiprotich alitazama chini kwenye sahani yake, kwa sababu kuna mambo ambayo hata mtu mwenye macho mepesi hapaswi kuyaona. Alisikia kiti kinasogezwa. Alisikia droo inafunguliwa, vijiko vinasukumwa kando, na kitu kizito cha mbao kinawekwa juu ya meza.

"Mwulize," alisema Gulbanu, "meza yao ina urefu gani. Isinipite kiunoni, siwezi kusukuma mabega yakiwa juu. Na wasitandike kitambaa. Watu wa jukwaani wanapenda vitambaa."

Shaila aliuliza. Mwalimu hakujua. Alisema anakwenda kupima.

"Tunasubiri," alisema Gulbanu, na akaanza kukunja mikono ya blauzi ya sari yake.